Lukasi Mhina na Shamba la Majani Mabichi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Dorkasi, dada mkubwa wa marehemu Lukasi Mhina, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 1913, hapa Kwamsisi. Wazee wa ukoo wamenitaka nisome habari za maisha yake kwa ufupi na kwa heshima. Nitajitahidi. Ila najua kwamba kaburi lilipokuwa likichimbwa, wazee hao hao walikaa pembeni wakizungumzia nani achukue shamba lake, na mjane hajafuta hata machozi. Hilo nalo nitalifikia.

Marehemu alizaliwa Kwedizinga mwaka 1878, wakati wa kuvuna mtama, akiwa mtoto wa mwisho wa mama yetu Mwaija. Alikuwa mtoto mzuri wa sura na haambiliki. Ukimwambia moto unaunguza, lazima aushike, kisha analia na kukulaumu wewe uliyemwambia.

Alisoma shule ya misheni Korogwe, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1894. Kusoma alijua, na katika kuimba hakuwa na mwenzake.

Mwaka 1903 aliajiriwa katika shamba la pamba la Mdachi mmoja karibu na Korogwe, akapewa kuendesha jembe la chuma linalokokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wale aliwapenda kweli. Kila asubuhi aliwaamkia mmoja mmoja kwa jina, "Umelalaje, bwana?", kabla hajamsalimu binadamu yeyote. Lakini kazi yenyewe aliijua nusu. Kabla jembe halijafika, watu walikuwa wamekwisha kufyeka majani kwa mapanga, huku kiboko kinawalia mgongoni, wakayaacha yakauke. Marehemu alifika mwisho na ng'ombe wake, ardhi imekwisha kuwa nyeupe. Basi akaamini kwamba jembe la Kizungu linajilia majani lenyewe! Miaka sita alipita karibu na wale wenye mapanga, pua juu, asiulize hata siku moja wanafanya nini pale. Na huyo Mdachi wake, aliyekaa kivulini akijiita mkulima, sijui kama naye alijua.

Alifunga ndoa na Yuditha binti Semboja katika kanisa la Dindira, tarehe 16 Julai 1904. Mwanamke huyu alitoka milimani kwenye mvua na ubaridi, akaletwa huku kwenye jua na mbung'o, akakubali. Nanyi mlimcheka kwa Kishambaa chake.

Mwaka 1909 marehemu alirudi kwenye ukoo wetu, hapa Kwamsisi, na jembe chakavu alilopewa na bwana wake, na ng'ombe wawili. Wazee wakampa pori lililokaa miaka bila kulimwa, majani yamempita mtu kimo. Majirani wakaja na mapanga kumsaidia kama ilivyo desturi yetu, sisi tunaita kiwili: wewe unapika, watu wanalima. Marehemu akawarudisha.

Yuditha akamwambia, "Baba Elina, tufyeke kwanza. Majani mabichi namna hii utayafukiaje?"

Akamjibu mbele za watu, "Kufyeka ni kazi ya washenzi. Wewe umewahi kumwona Mzungu na panga?"

Loo! Akaingiza ng'ombe. Majani yakajiviringisha kwenye jembe, akawa anachomoa, anasukuma, anatukana. Yaliyofukiwa yakafukiwa mabichi, na kesho yake akapanda mahindi juu yake, ardhi inachemka kwa kuoza. Mahindi yakatoka ya njano. Halafu kuna ndago, gugu ambalo ukikikata kijinundu chake vipande, kila kipande kinaota. Ndugu yangu alizikata ndago zote za shamba lile akazitawanya kwa mikono yake mwenyewe. Akalaumu mbegu. Akamlaumu mke. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o, akatulaumu sisi wachawi.

Tangu hapo marehemu alikaa barazani akieleza watu kilimo cha Kidachi. Yuditha akaingia shambani na jembe la mkono, mtoto mgongoni. Aling'oa ndago, akazibeba kichwani hadi nje ya shamba, akazichoma. Misimu mitatu. Mwaka jana mlikula mahindi ya shamba lile, mkasema, "Lukasi ana mkono wa kilimo."

Jumanne, tarehe 4 Machi, marehemu aliazima ng'ombe ili alime kipande cha pori kilichobaki, atuonyeshe. Hakufyeka. Jembe lilipokwama kwenye majani akapanda juu yake alikandamize, likateleza, likamkata mguu. Akafunga kitambaa, akasema si kitu. Pepopunda ikamshika, taya likafunga. Yuditha alimlisha uji kwa tone mpaka uji ukakataa kupita. Alikata roho Ijumaa, tarehe 14 Machi, mchana. Nililia sana. Mjinga yule alikuwa mdogo wangu.

Sasa shamba. Asubuhi mzee Mdoe ameniambia, "Dorkasi, mwishoni utamke kwamba mrithi ni mpwa wake, ndiyo desturi ya Kizigua. Mama huyu arudi kwao Dindira na wanawe." Shikamoo, mzee. Desturi naijua. Mpwa huyo ni Habakuki, mwanangu wa kumzaa, na amekuja msibani na kamba ya kupimia. Habakuki, wakati wa ndago ulikuwa wapi? Nanyi wazee, nani kati yenu aliinama akang'oa hata moja? Haki ya mpwa inapita kwangu mimi dada, haina njia nyingine. Mimi nimekataa kuipitisha. Mvua iko karibu, na Yuditha atapanda.

Marehemu ameacha mjane, Yuditha, mwenye shamba; watoto watatu, Elina, Rosina na Simeo; dada mmoja; na mpwa mmoja, ambaye ataikunja kamba yake sasa hivi aje amfukie mjomba wake.

Mungu ampumzishe ndugu yangu, na mke wake naye aachwe apumzike.