Mbwa Aliyemrudisha Mama Mkwe

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi cherehani mmoja alikaa mbele yangu, na mbwa wa kuchunga kondoo amelala miguuni pake. Aliyeketi kando yake, mzee aliyesema alikuwa mchungaji, wa kondoo wenye sufu, si wa kanisani, hakuvumilia kusikia kwamba mbwa huyo anaishi ghorofani. "Mama, huyu ni mbwa wa kazi. Kumweka ghorofani bila kondoo ni kumwonea."

"Baba, nilimtoa kituo cha mbwa waliotelekezwa. Bwana wake wa kwanza aliuza kondoo wote, akamwacha kafungwa getini. Watu wawili walimchukua wakamrudisha, eti anawazungukazunguka watoto."

"Si ndiyo nasema!"

"Subiri basi. Mama mkwe wangu siku hizi anasahau. Mwezi uliopita, mimi niko kwenye cherehani, akashuka mpaka barabarani. Natoka mbio, namkuta mbwa kamzunguka, anamsukuma kwa bega polepole kurudi kwenye ngazi. Magari yanapita, yeye wala hatishiki! Mama ananiambia, 'Huyu ana adabu kuliko mwanangu.'"

Mwanawe ndiye mume wa fundi, lakini fundi alilisema hilo kwa sauti ya kusikika behewa zima.

Mzee alikuna kidevu. "Hapo kafanya kazi, sikatai. Lakini kondoo ni kondoo."

"Na mama mkwe ni mama mkwe!" Treni ilisimama, fundi akainuka, kifua mbele. "Jumamosi namfuata mbwa wa pili kule kituoni. Fomu nimeshajaza."

"Wa pili? Ghorofani?"

Fundi na mbwa wake walikuwa wameshashuka.