Viti Vitupu vya Wanaouguza

Mgeni rasmi, mama mlezi wa Mfuko wa Mapumziko,

KARIBU
Karibu ukumbini kwetu. Viti vingi ni vitupu, na tafadhali usidhani ni dharau. Wenye viti hivyo wako nyumbani na wagonjwa. Hata risala hii ilikuwa isomwe na mwenyekiti wetu, mshonaji. Amebaki na mumewe, aliyepooza upande mmoja.

TULIKOTOKA
Sisi ni wake, waume, mabinti na wana tunaouguza watu wetu majumbani. Tulijuana kwenye foleni ya dawa, kila mmoja akisinzia kwa kusimama. Tukaungana.

TULICHOPATA
Ruzuku yenu imewapeleka kwenye nyumba ya mapumziko wagonjwa waliotoka kupasuliwa, wakarudi wakitembea wenyewe. Asanteni sana. Nasi tunaouguza mkatulipia juma zima la kupumzika huko huko.

KINACHOTUKWAMISHA
Tuseme ukweli: wengi wetu tulirudi kabla ya juma kwisha. Sasa tunasikia mfuko unataka kutuondoa kwenye ruzuku, eti hatuhitaji mapumziko.

Mgeni rasmi, mchana wa kwanza kule, mwenyekiti wetu aliinuka usingizini akaanza kumgeuza mwenzake wa chumbani.

"Geuka kidogo, baba watoto, usipate vidonda."

"Mimi ni bibi wa watu, dada!"

"Basi geuka hivyo hivyo, bibi."

Tulicheka mpaka machozi. Kesho yake akafunga mzigo. Jirani aliyeachiwa mgonjwa ana moyo mzuri, lakini kumnyanyua hajui. Mwili wa mwenyekiti ulikuwa kule, roho iko nyumbani. Na kosa ni letu pia: tulikabidhi wagonjwa kama mtu anavyokabidhi funguo.

OMBI
Msituondoe. Sehemu ya ruzuku imlipe mtu wa kutupokea zamu, naye aje mapema, afundishwe, mgonjwa amzoee. Kitanda cha mapumziko bila mtu huyo ni chakula cha kunusa.

Mgongo wa mwenyekiti umeharibika. Daktari amemwambia apumzike sasa, la sivyo nyumba yake itakuwa na wagonjwa wawili na muuguzaji hakuna. Asubuhi hii tulimpitia, tukamuuliza tukuambie nini. Alijibu huku amemshika mumewe kwapani:

"Mwambieni nitakwenda. Lakini kwanza aniletee mtu nimfundishe."

Mungu akupe afya, mama, na siku ukiugua usikose wa kukugeuza. Naye asikose wa kumpokea.

Ni sisi,
Umoja wa Wanaouguza Nyumbani, tuliopo na tulioshindwa kutoka.