Bi Mizizi Anauaga Mteremko

Ijumaa ya tarehe thelathini Mei, mvua za msimu zikiwa zinaishia, Bi Mizizi atarudisha stoo buti zake za mpira na kustaafu, baada ya misimu ishirini na sita ya kupambana na mimea vamizi katika bustani na viwanja vya wazi vya mji wetu. Mimi niandikaye ni dereva wa lori linalobeba anavyoving'oa. Nimepewa kazi hii kwa sababu, kwa maneno ya msimamizi wetu, hakuna aliyekaripiwa naye kunizidi.

Kazi yetu ni ya msimu. Mvua zikianza, magugu huchipua na idara ya bustani ya mji huita vibarua. Zikikatika, kila mtu hushika njia yake. Yeye hurudi kwenye cherehani yake kushona sare za shule. Mara ya kwanza alikuja kwa kusukumwa na shida, mume amefariki na binti yao bado mdogo. Alikabidhiwa panga, akaambiwa afyeke lantana, kichaka vamizi chenye maua ya kuvutia. Akafyeka. Haukupita muda vichaka vikarudi, vimenona kuliko mwanzo. Akaliweka panga chini, akaomba sururu, na tangu hapo wimbo wake ni mmoja: "Ukikata shina umenyoa, ukitoa mzizi umemaliza." Jina likamganda.

Maradhi hayo ya mizizi yalimfuata hadi ukweni. Siku familia ilipokwenda kwa kina kijana kupeleka jibu la posa ya binti yake, alikuta ua wa lantana mlangoni kwa wakwe, umechanua. Wenzake wakaingia sebuleni, yeye akabaki nyuma. Walipomtafuta, amepiga magoti ndani ya gauni jipya, na shina la pili liko mkononi. Wifi yake alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba wa kijana akatoka, akatazama, akauliza kwa upole: "Mkwe, na hii nayo ni mahari?" Kicheko kilichofuata ndicho kilichofungua mazungumzo. Ndoa ilifungwa, na ua ule haupo tena.

Lakini Bi Mizizi ninayemjua mimi hasa ni yule wa mteremko wa bustani kuu. Lantana ilikuwa imeufunika wote. Nyasi zilikufa chini yake, watoto hawakuwa na pa kuchezea, na wanawake waliotoka kazini waliogopa kijia kile kwa sababu vichaka vilificha vibaka. Alipoanza kuing'oa, muuza maua mwenye meza yake getini alikuja kusimama mbele ya toroli.

"Mnang'oa maua mtuachie nini, vumbi?"

Bi Mizizi alijifuta jasho. "Nipe msimu mmoja, dada. Pakibaki vumbi, nipande mimi."

Kumbe ndio mwaka mvua zilipochelewa. Nyasi alizopanda zilikauka. Kisha mvua ikaja yote kwa mkupuo, ikauteremsha udongo hadi njiani. Wapita njia waliruka matope huku wakituporomoshea matusi, na idara ikaanza kusema kazi isimamishwe. Asubuhi moja nilimkuta ameketi juu ya toroli lililopinduliwa, glavu amevua. Nilikuwa nimechelewa, na hakunikaripia. Nikajua mambo si mazuri.

"Dereva," aliniambia, "huenda yule dada alisema kweli."

Kisha akainuka, akashika koleo na kuanza kuurudisha udongo juu. Nikashuka kumsaidia. Aliyefuata hatukumtarajia: muuza maua, na magunia matupu begani. Alikuwa akimtazama kutoka mezani kwake hadi uvumilivu ukamshinda.

"Udongo hauzuiwi kwa kuhurumiwa," alisema. "Jazeni haya, tuyapange kama ngazi."

Magunia yalishika. Msimamizi, alipoona hivyo, akatuombea muda hadi mwisho wa msimu. Wanawake wale wawili wakapanda nyasi upya, wakibishana kila hatua kama mawifi. Safari hii mvua ilinyesha taratibu, na siku nilipoona kijani kinachungulia nilipiga honi hadi walinzi wakatoka mbio.

Leo watoto hubiringika kwenye mteremko ule. Kati ya nyasi huchanua maua madogo ya njano ambayo hakuna aliyeyapanda. Yalikuwa yamelala chini ya vichaka miaka yote yakingoja mwanga. Lantana hujaribu kurudi kila msimu, na hung'olewa ingali changa. Viwanja vingine vimeanza kufanyiwa hivyo hivyo.

Bi Mizizi, asante kwa jasho lako, kwa ukali wako, na kwa kutufundisha kupiga magoti. Ya kwako yamefanya kazi ya kutosha. Sasa yapumzike, au yabebe wajukuu. Mvua zijazo zikianza kugonga bati alfajiri, usiamke. Geuka upande wa pili, ujifunike vizuri. Sisi tuko mteremkoni. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi, na zote ziwe zako.