Mtafiti wa Miguu Baridi na Vikapu vya Sokoni

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Immaculata Muganyizi, Mtafiti Mwandamizi wa kituo chetu cha utafiti wa afya na jamii hapa Nyakato, Mwanza, anakabidhi ofisi. Wengi wetu tunamwita Mama Annet. Mimi, Malimi Shigela, nimepewa jukumu la kuandika wasifu wake kwa sababu, nilivyoambiwa, ndimi niliyemtania kuliko wote. Sikatai. Msukuma akipangiwa ofisi moja na Mhaya kwa miaka kumi na minne, asipomtania atakuwa mgonjwa.

Mama Annet alizaliwa Kamachumu, wilayani Muleba, kwa wakulima wa migomba na kahawa, na hajawahi kumruhusu mtu kulisahau hilo. Kikao cha kwanza nilichokaa naye kilihusu matengenezo ya magari ya kituo. Kabla hakijafungwa tulikuwa tumeshaelezwa kwa kirefu kwa nini kahawa ya kwao haina mpinzani. Alisoma sosholojia chuo kikuu, akaajiriwa hapa mwaka 1994, na tangu hapo amepita karibu kila kijiji cha pwani ya ziwa hili akiwa na viatu vyake vya kisigino, masika na kiangazi.

Kisukuma alijifunza kwa nguvu. Siku moja huko Magu alimsalimu bibi mmoja "mwangaluka", salamu ya asubuhi, jua likiwa linazama. Bibi akamuuliza kama kwao Bukoba ndiyo wanaamka saa hizo. Walicheka wote wawili, na bibi yule ambaye wenzetu waliotangulia hawakupata neno lake hata moja, alimweleza mambo ya nyumba yake mpaka chakula kikaiva. Ndivyo Mama Annet alivyofanya kazi. Hakupenda kumuuliza mtu angefanya nini. Alitaka kujua alifanya nini jana.

Wengi watamkumbuka kwa utafiti wa sokoni. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2019, tulitumwa kuchunguza kama wanunuzi wako tayari kubadilika kwa ajili ya mazingira. Kila tuliyemhoji alijibu kama yuko mbele ya padri: kikapu anacho, na anakitumia. Mama Annet aliweka madodoso pembeni, akaomba kigoda kwa Queen, muuza nyanya wa Mkuyuni, akakaa naye na kumsaidia kuuza. Vikapu hakuviona. Wateja walikuja jioni wakitoka kazini, mikono mitupu, na kila mmoja akanunua mfuko mbadala mpya. Waliposimuliana wakati wa kuchagua nyanya, sababu ikajulikana: nani ataingia ofisini asubuhi na kikapu begani? Basi yeye na Queen wakapiga misumari kwenye nguzo za kibanda, na wateja wakaanza kuviacha vikapu vyao hapohapo sokoni. Ripoti ile ilisifiwa sana. Ndani yake iko picha ya lundo la mifuko lililokutwa nyuma ya mlango wa jiko moja, na jiko lenyewe, aliandika bila kuficha, ni la mtafiti mkuu mwenyewe.

Lakini kazi iliyochukua moyo wake ni ile ya miguu. Kwa wasioijua: donge la damu linaweza kuziba mshipa mkubwa ghafla, mguu ukauma, ukapauka, ukapoa na kufa ganzi. Hapo hakuna cha kusubiri. Ukifika hospitali mapema, daktari analitoa donge na unatembea. Ukichelewa, unakatwa. Dk. Luhende, mpasuaji wa hospitali tunayoshirikiana nayo, alikuwa akitafuta namna bora ya kuwatibu wagonjwa hawa, na Mama Annet alikuwa akitafuta kwa nini wanachelewa. Alikuta nauli, umbali, waganga, na zaidi ya yote kukanda. Mguu ukipoa, maji yanatiwa jikoni. Maji ya moto hayaondoi donge, na mguu uliokufa ganzi unaungua bila mwenyewe kuhisi. Alilisema hilo redioni, makanisani na kwenye mialo ya samaki, tena kwa ile sauti yake isiyohitaji kipaza sauti.

Ninayoyaandika sasa ameniruhusu yeye mwenyewe, na mumewe pia.

Jumapili moja ya Agosti 2022 nyumba yake ilipokea posa ya Annet, binti yao. Wakwe walikuwa wamesafiri kutoka Bukoba. Mzee Apolinary, mumewe, mwalimu mstaafu wa hisabati, alikuwa amekaa na wazee wenzake, kahawa ya kutafuna inazungushwa, maneno ya heshima yanapangwa taratibu kama inavyotakiwa. Mama Annet alipopita na sinia akamwona anasugua mguu wa kushoto, jasho linamtoka. Akamwita ndani kwa kisingizio. Akaugusa. Ulikuwa baridi kama sato aliyetoka kwenye barafu.

Alijua. Hakuna mtu Mwanza nzima aliyejua kuliko yeye. Mzee akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Annet, waache wageni wale kwanza. Watasema tumewafukuza." Na yeye, aliyewakataza watu wa mikoa miwili, akatia maji jikoni, akachovya kitambaa, akamkanda mumewe. Kisha mzee akarudi kukaa na wageni. Walikula, wakashukuru, wakasali, wakapiga picha. Walipoondoka, giza lilikuwa limeingia na vidole vya mguu vilikuwa havisogei. Hospitalini, Dk. Luhende alijitahidi kwa kila njia. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Annet, akijiona ndiye chanzo, alitaka kuvunja uchumba. Mama yake akamkatalia, lakini mama huyohuyo akaja ofisini kuomba aondolewe kwenye utafiti. Sitaisahau siku hiyo. Mwanamke niliyezoea kumtania kwa kujisifu alikaa kwenye kiti changu akasema hana tena uso wa kumwambia mgonjwa kitu. Aliyempa neno ni Mzee Apolinary, akiwa bado wodini. "Mguu umeshakwenda," alimwambia. "Usikubali uwe umekwenda bure."

Akarudi kazini, na akaanza na nyumba yake kama alivyofanya kwa ile mifuko. Aliomba yeye na mumewe wahojiwe kama wagonjwa wengine. Halafu akasafiri hadi Bukoba kuwahoji wakwe. Nilikuwa naye. Wazee wale walilia. Walisema walimwona mwenyeji wao anatokwa na jasho, wakaona aibu kumuuliza mtu nyumbani kwake. Wangejua, wangembeba wenyewe. Kwa hiyo mwenyeji aliwastahi wageni, wageni wakamstahi mwenyeji, na katikati ya heshima hizo mguu ukafa.

Tuliporudi kwa wagonjwa wetu wa zamani na kuwauliza nyumbani kulikuwa na nani siku ile, tulikuta wageni, misiba, ubatizo, vikao vya harusi. Miaka yote hiyo hatukuwa tumeuliza. Tangu hapo Mama Annet aliacha kuwahubiria wagonjwa, akawageukia wageni. Alikwenda kwenye jumuiya, vikoba na vikundi vya akina mama wa Kilutheri na neno moja: ukimwona mwenyeji wako ameshika mguu, muulize, kisha aga, na uondoke naye. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na yeye aliwadai wageni watimize.

Mwezi uliopita, Josephat Mayala, fundi wa boti wa Igogo, alikuwa amepokea jumuiya yao ya sala nyumbani kwake. Katikati ya rozari, Bi. Odeta, mwenyekiti wao, akamwona anausugua mguu. Akauliza. Josephat akajibu kuwa si kitu, waendelee. Odeta akaikatiza rozari, akaita bajaji, na jumuiya ikamfuata hospitali na rozari mikononi. Dk. Luhende alilitoa donge jioni hiyohiyo.

Kesho yake Mzee Apolinary aliomba tumpeleke wodini. Aliingia kwa mguu wake wa bandia na fimbo, mkewe nyuma yake, wakasalimiana, halafu akamwomba Josephat ruhusa ya kuushika ule mguu. Aliushika kwa mikono yote miwili, akakaa nao muda mrefu. Mwishowe akamgeukia mkewe. "Una joto," akasema. "Njoo ushike." Mama Annet akashika, na pale wodini, mbele yetu sote, akalia kilio alichokizuia tangu Agosti ile.

Mama Annet, ahsante. Ahsante kwa vijana uliowafundisha kusikiliza, kwa ukali wako wa haki, hata kwa hotuba za kahawa, ambazo ofisi itazikosa ingawa mimi nitakanusha. Nenda na Mzee wako mkapumzike Kamachumu kwa afya na amani. Tunawaombea nyumba isiyokauka wageni, nao wageni wawe na adabu ya kuuliza, na ya kuaga mapema.