Saini Yangu kwenye Fomu ya Mkasi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kwa miaka kumi mmekuwa mkinisikia hapa nikiwakumbuka watu waliotutoka, na karibu wote walikuwa watu wa huko nje. Leo namkumbuka mtu wa humu ndani. Sauti yake hamkuwahi kuisikia. Lakini kila mliponisikia mimi, kazi yake ndiyo mliyokuwa mkiisikia. Alikuwa fundi sauti wetu, na tulimwita Mkasi. Mkasi alifariki miezi mitatu iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minne.

Mtaniwia radhi, kipindi cha leo hakijahaririwa. Nikikohoa mtasikia, na kiti kikilia mtasikia. Na jambo moja nilitangulize, nisije nikapata njia ya kulikwepa. Mkasi alikuwa mlevi. Aliamua kutibiwa. Mimi niliuingilia uamuzi ule, na katika kifo chake nina mkono. Binti yake anasikiliza sasa hivi. Yeye ndiye aliyetaka niyaseme haya hapa, na sababu yake mtaijua.

Tuanze na mtu mwenyewe, maana ulevi haukuwa Mkasi mzima. Dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, aliniambia hivi: "Mdogo wangu alizaliwa masikio kwanza, mwili ukafuata. Baba alikuwa na mashine ya kusaga. Huyu anakaa mlangoni, ametega sikio, anasema, baba, mkanda utakatika leo. Baba anamfukuza, nenda kacheze huko. Haifiki saa saba, mkanda huo chini. Mwishowe baba akawa anamwita amsikilizie kabla hajapokea magunia ya watu."

Jina la Mkasi alilipata hapa kituoni, enzi za kanda. Kuhariri wakati huo ilikuwa kukata kanda kwa mkono na kuiunganisha kwa utepe. Alikuwa na mkasi wake mdogo, anautia mfuko wa shati, na ole wako uuazime kufungulia pakiti ya biskuti. Kompyuta zikaja, mkasi ukastaafu, jina likabaki.

Alikuwa na utani wa chini chini. Siku moja tulimhoji mzee mmoja aliyekuwa akihema kila baada ya neno. Mkasi akakaa na sauti yake kwenye kompyuta saa tatu nzima. Alipotoka akaniambia, "Mdogo wangu, pumzi nilizomtoa yule mzee zinajaza matairi yote ya lori." Nami alinitengeneza hivyo hivyo. Nilikuja hapa sauti inatetemeka, siwezi hata kutaja saa bila kumeza mate. Akaniambia, "Simama. Nyoosha mgongo. Kunywa maji ya uvuguvugu. Halafu tabasamu, hata kama huna sababu. Msikilizaji hakuoni, lakini tabasamu analisikia." Siku nimefiwa na mama yangu nilisimama hapa, nikanyoosha mgongo, nikatabasamu. Hamkujua. Hakuna aliyejua.

Basi, pombe. Sote kituoni tulijua. Alikuwa na chupa yake ya chai, na ndani yake hakukuwa na chai. Asipofika kazini tulisema Mkasi ana mafua. Mwaka mzima mafua! Bosi akiuliza, mafua. Binti yake akipiga simu, mafua. Tulidhani tunamsitiri, kumbe tunajirahisishia mambo sisi wenyewe. Kazi zilikuwa zinatoka safi, kwa hiyo nani angetaka kuuliza zaidi?

Halafu kazi moja haikutoka safi. Lilikuwa tangazo la kifo. Mkasi alilihariri asubuhi, mikono inamtetemeka, akakata palipokuwa na jina la marehemu. Tangazo likaenda hewani. Familia nzima imekaa kwenye redio, watoto wameambiwa wanyamaze, wanasikia siku ya maziko, wanasikia majina ya wafiwa, na jina la baba yao halipo. Walikuja hapa mlangoni. Hawakupiga kelele. Mama mmoja aliuliza tu, "Mmemweka wapi mume wangu?"

Mkasi alitoka nje, akasimama ukutani kwenye kivuli cha tangi la maji. Nilimfuata. Aliniambia, "Mdogo wangu, maji yamenifika shingoni. Nipeleke hospitali." Nataka mkumbuke hilo, wasikilizaji wapendwa. Mkasi hakuburutwa. Aliomba mwenyewe.

Nilimpeleka kesho yake. Daktari alikuwa mama mmoja wa maneno machache, miwani imening'inia kifuani. Alimpima, akamwuliza anakunywa kiasi gani, na Mkasi akajibu bila kutia chumvi wala kupunguza. Daktari akatueleza kuna njia mbili. Njia ya kwanza, kulazwa kwa wiki nne. Njia ya pili, kutibiwa akitokea nyumbani: anakuja kliniki kila asubuhi, anapimwa, anazungumza na mshauri, anarudi kwake na vidonge. Akasema njia ya pili imewasaidia watu wengi, na mimi sikatai, nimekutana nao. Lakini ina sharti. Siku kumi za kwanza lazima awepo mtu wa kukaa na mgonjwa nyumbani. "Amwone kwa macho yake akimeza dawa," daktari alisema. "Asubuhi na jioni. Kwa macho."

Mkasi hakuhitaji kufikiri. Alisema, "Daktari, mimi nilaze. Nyumbani kwangu najijua."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilimwambia daktari atupe dakika mbili. Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la korido, chini ya picha ya namna ya kunawa mikono. Nikamwambia, "Kaka, wiki nne ni nyingi. Watu watajua. Binti yako ameolewa juzi tu, wakwe zake watasemaje? Fanya ya kwenda na kurudi. Nitahamia kwako, nitakaa na wewe."

Akasema, "Naogopa, mdogo wangu. Bora nilazwe."

Nikamwambia, "Huniamini?"

Maneno matamu hayo. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukweli wangu ulikuwa huu: kipindi hiki kilikuwa kinatimiza miaka kumi. Tulikuwa na vipindi kumi na viwili maalumu vya kuandaa mwezi ule ule, na hakuna mwingine aliyeweza kuvihariri kama yeye. Akitibiwa akitokea nyumbani, mchana angeweza kuja studio. Akilazwa, sherehe yangu ingevurugika. Niliwaza hivyo hospitalini, mgonjwa ameketi karibu yangu.

Akasema, "Haya. Wewe ndiye mtu wa maneno." Tukarudi ndani. Daktari akamwuliza kama ameamua mwenyewe. Akasema ndiyo. Daktari akamwuliza tena, akasema ndiyo. Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa mtu atakayekaa na mgonjwa. Nikatia saini.

Siku mbili za kwanza nilitimiza. Nililala kwenye kochi lake, miguu inaning'inia. Alitoka jasho hadi shuka inakamuka. Alitapika, akatetemeka, akanitania kwamba nakoroma kama redio isiyoshika stesheni. Asubuhi na jioni nilimwona akimeza. Kliniki tulikwenda pamoja kwa miguu, polepole, ananishika mkono kwenye ngazi.

Siku ya tatu nikawahi studio peke yangu, maana yeye alikuwa bado hana nguvu za kuja kazini. Siku ya nne nikalala kwangu, nikampigia simu. "Kaka, umemeza?" Akajibu, "Nimemeza, bosi." Sauti yake ilikuwa safi. Nikaona mambo ni mazuri. Tangu siku hiyo nikawa nampigia mara mbili, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mimi ni mtu wa redio, na watu wa redio tuna ugonjwa wetu. Tunaamini masikio. Mtu akilala vibaya tunamsikia, akidanganya tunadhani tunamsikia. Daktari alinitaka macho, mimi nikampa masikio, nikajiona fundi.

Binti yake alinipigia siku ya tano. Ananiita baba mdogo. Anaishi mbali, safari ya siku nzima. Akasema, "Baba mdogo, nichukue likizo nije?" Nikamwambia, "Usijisumbue, mwanangu. Nimetoka kuongea naye sasa hivi, sauti inang'aa." Akashukuru. Alinishukuru kwa kukaa na baba yake, nami nikaipokea shukrani ile nikiwa ofisini.

Siku ya saba kliniki wakanipigia, maana namba yangu ndiyo iliyokuwa kwenye fomu. Nilikuwa narekodi. Nilipowarudia wakaniambia Mkasi hajafika tangu jana. Badala ya kwenda kwake, nikampigia. Akacheka. "Foleni tu, mdogo wangu, nimefika nikachelewa kusaini." Sauti kavu, tulivu, haina mkwaruzo. Nikamwamini, nikarudi kwenye maikrofoni.

Siku ya tisa asubuhi simu yake iliita bila kupokewa. Saa nne, jirani yake, mama fundi cherehani wa nyumba inayotazamana na ya Mkasi, aligonga, akasukuma mlango. Alimkuta bafuni. Alikuwa ameshafariki.

Daktari alinieleza baadaye, na hili naomba mlisikilize vizuri. Mkasi alirudia kunywa siku ya tano. Aliona aibu kwenda kliniki ananuka pombe. Siku ya nane akajaribu kuacha ghafla, peke yake, bila dawa, nadhani ili siku ya kumi niende nimkute mzima. Mwili uliozoea pombe miaka mingi ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege. Yeye ilimpata, na hapakuwa na mtu. Nasema tena: kuacha ghafla bila daktari kunaweza kuua. Vidonge vya siku nne vilikuwa mezani, kwenye pakiti, havijaguswa.

Nilimwuliza yule mama jirani kama aliona dalili yoyote. Akasema, "Mimi sikuelewa, mwanangu. Kila jioni nilikuwa namwona dirishani. Ameshika kuta, anayumba. Anakunywa maji kidogo. Halafu anasimama wima, ananyoosha mgongo, anatabasamu peke yake. Kisha simu inalia."

Samahani, wasikilizaji wapendwa. Nipeni nafasi kidogo.

Siku ya mazishi binti yake aliniuliza mbele ya watu. Watu walikuwa wengi, ndugu, majirani, wafanyakazi wote wa kituo. Akasema, "Baba mdogo, ni kweli baba mwenyewe ndiye aliyekataa kulazwa?" Watu wote wakanitazama. Nikajibu, "Ndiyo, mwanangu. Ulikuwa uamuzi wake." Kuna mtu nyuma yangu akasema walevi ndivyo walivyo, wanatafuta mwanya wa kunywa. Nilisikia. Nilimjua kwa sauti. Nikanyamaza.

Miezi mitatu nimejikaza kisabuni. Nakuja kazini, nasoma majina ya marehemu wa watu, natoa pole. Jumamosi iliyopita nilipiga moyo konde, nikapanda basi, nikaenda kwa yule binti. Nilimkuta jikoni anapiga pasi nguo za kazini. Nikamweleza yote: korido, benchi, kochi, simu. Alizima pasi. Hakulia. Aliniambia, "Miezi mitatu namkasirikia baba. Picha yake nimeitia kabatini. Mume wangu akiniambia niitundike, nasema hapana, huyu alichagua njia rahisi, aliipenda chupa kuliko mimi."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Hayo tutayaona huko mbele. Uliniambia uongo mbele ya watu, baba mdogo. Ukweli huwezi kuniletea jikoni. Uende ukauseme mbele ya watu." Akawasha pasi yake. Nikaaga, nikajifungulia mlango mwenyewe.

Kwa hiyo nipo hapa. Kwa dada yake Mkasi, mwalimu wetu, pole sana kwa kumpoteza mdogo wako. Kwa mama jirani, pole, na asante kwa kugonga mlango ambao mimi ndiye niliyepaswa kuugonga. Kwa wafanyakazi wenzangu, poleni, na tuyaache mafua. Kwa familia ile ambayo jina la baba yao halikusomwa, nimewatafuta, nimeomba radhi, na naomba tena.

Na nyinyi mnaonisikiliza, pengine nyumbani kwenu kuna mtu anayetaka kuacha. Akikwambia anahitaji kulazwa, mpeleke akalazwe. Akichagua kutibiwa akitokea nyumbani, ni njia nzuri, lakini ukitia saini ya kukaa naye, kaa naye. Jiulize unapomshauri, ni yeye unayemfikiria au ni shughuli zako. Mimi nilijua jibu langu pale pale kwenye benchi, na bado nikaendelea kuongea.

Binti yangu, uliniuliza makaburini, nami nakujibu. Hapana. Baba yako hakukataa kulazwa. Aliomba kulazwa mbele ya daktari. Tulipotoka nje akaniomba mimi, akaniambia anaogopa. Aliomba mara mbili, mwanangu, na mimi ndiye niliyemkatalia, kwa ajili ya kipindi hiki.