Bibo Anakwenda kwa Wanaume Wenzake

Mheshimiwa Diwani wetu. Mzee Shamte, mwenye bustani hii ya wanyama na mwenye ndevu kuwashinda mbuzi wake wote. Dokta Julia, uliyesomea ng'ombe ukaja kukutana na tembo. Sheikh wetu na Padri wetu mliokubali kukaa benchi moja. Mama zangu wa Lisekese. Ndugu zetu mlioshuka kutoka Newala na Makote. Wageni waalikwa, na nyinyi ambao hamkualikwa ila mmefika kabla ya wote: wanaostahili shikamoo, shikamooni. Rika langu, salama tu.

Naitwa Mujibu, mchunga tembo wa bustani hii. Asiyenijua basi ni mgeni Masasi. Shule niliishia kidato cha pili, mimi na hisabati tukashindwana, lakini leo nimepewa kipaza sauti mbele ya watu wenye digrii zao kwa sababu moja tu: mimi nimepigwa kofi la mkonga na nikasimama. Alfredi mwenzangu wa kazi pale naye alipigwa, ila yeye alilala.

Tumekusanyika kumuaga kijana. Yumo ndani ya lile kasha la chuma mnaloliona juu ya lori. Anaitwa Bibo, kwa sababu alizaliwa msimu wa korosho, na chakula cha kwanza alichomnyang'anya mama yake mdomoni kilikuwa bibo, tunda la mkorosho. Tangu siku hiyo mama yake tukamwita Mama Bibo, kama tunavyoitana sisi, na bibi yake, mkuu wa familia, tukamwita Bi Mkubwa, maana jina jingine halimtoshi.

Mnakumbuka alipozaliwa? Mama yake alimbeba karibu miaka miwili, na siku alipomwangusha chini, Bi Mkubwa alimsimamia, akaukunja mguu wake ule ulio mnene kama kinu, akamgusa mtoto kwa ncha ya kucha, taratibu, ili ainuke. Mguu unaoweza kulaza mkorosho, ukamgusa mtoto kama mama anavyopima joto la uji.

Watu walikuja kutoka kila upande kumtazama. Tulipiga ngoma, tukapiga picha, kila mtu akasema bustani yetu sasa ni bustani. Lakini ni nani kati yetu aliyeuliza: huyu ni dume, akikua atakwenda wapi? Hakuuliza Mheshimiwa, hakuuliza Mzee Shamte, na mimi ninayejua kila kitu sikuuliza pia. Tembo jike hubaki na mama yake mpaka uzeeni. Dume akishabalehe, wanawake humwondoa. Porini anaondoka na njia yake. Kwenye bustani yenye uzio, anaondoka aende wapi?

Basi msimu uliopita wakaanza. Bibo akimsogelea mama yake anasukumwa, shangazi zake wanamgeuzia mgongo, Bi Mkubwa akamchoma ubavuni kwa pembe. Sasa nisikilizeni, wanaume wa Makote, maana hapa mtanielewa kuliko mtu yeyote. Sisi huku mwanaume anaoa anahamia kwa mke. Ukiwakera ukweni wanakutoa nje na kibegi chako, na wewe unafanyaje? Unakwenda kumchukua mjomba wako, mnarudi na kuku, mnaomba radhi, unapokelewa. Wapo hapa waliorudishwa hivyo zaidi ya mara moja, siwataji, ila mmoja amevaa kofia nyekundu.

Na sisi tukamfanyia Bibo hivyo hivyo. Tulimfanya mkwe aliyefukuzwa. Alfredi akawa mjomba, akabeba tenga la mabibo mapya, akatangulia mbele, mimi nikamswaga Bibo nyuma, tukamrudisha kwa wanawake. Alfredi akawa anasema kabisa, kwa adabu, "Mama zangu, kijana amekosa, mpokeeni." Wakala mabibo yote. Kisha wakamfukuza tena.

Tukamrudisha tena. Na tena. Kila tukimrudisha, wanampiga zaidi. Mpaka siku moja akatoka pale na hasira, akapita katikati ya uzio kama uzio ni pazia, akaenda kuangusha ghala la korosho la Mama Faidha. Mama Faidha alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta wa ghala hilo. Mungu alikuwa hajamtaka bado, alitoka mzima.

Kikao cha kijiji kilikuwa kikali. Mheshimiwa ulikuwepo. Wengine walitaka apigwe risasi. Wengine wakasema afungwe mnyororo mguuni, na afungwe maisha, maana dume hapungui, anazidi kukua. Mzee Shamte, mnyororo uliununua, tuliuona. Ulitupa nafasi mpaka mwisho wa msimu huu wa korosho kumtafutia pa kwenda, na nafasi hiyo nakushukuru kwayo mbele ya watu, ijapokuwa ulikuwa unautia mnyororo mafuta kila Ijumaa.

Dokta Julia ndiye aliyeniambia, tumekaa pale kwenye maji ya kuogeshea. "Mujibu, huyu hajagombana na mtu. Amekua. Anatakiwa aende kwa wanaume."

Nikamwambia, "Dokta, kumbe ni jando."

Akanitazama. "Jando lipi ulimwona mtoto anakwenda peke yake?"

Akanipeleka huko bara, kwenye kituo wanakokusanya madume vijana waliozidi kwenye bustani za watu. Nilikwenda na kiburi changu chote. Nikakuta vijana wawili wanapigana, kila mmoja mkubwa kumzidi Bibo, maji ya hasira yanawatiririka mashavuni, vumbi mpaka juu ya miti. Nikauliza nani anawaachanisha. Mlinzi akasema, "Subiri Reginald."

Reginald ni dume mzee. Msiniulize jina hilo alilipata wapi. Alikuja anatembea, hana haraka, hakutoa sauti, masikio ameyatuliza. Akasimama kati yao. Basi. Wale vijana wakashusha vichwa. Halafu mmoja akanyoosha mkonga, akaiweka ncha yake mdomoni mwa yule mzee, akautuliza humo. Ndiyo shikamoo yao. Na mzee akasimama tu, akaipokea. Ndugu zangu, mimi nimeamkia wazee wengi, mara nyingine nikiwa tayari nimeshawapita. Pale niliona shikamoo inavyotakiwa kuwa. Nikavua kofia, na sikujali nani ananiona.

Nafasi huko kituoni ikapatikana, lori likaja. Kijana hataki kuingia. Wiki nzima tumeweka mabibo ndani ya kasha: mkonga ndani, matako nje. Anakula, anatucheka, anarudi zake. Kumlaza kwa dawa katika joto hili Dokta amekataa, anaweza asiamke. Na msimu unakwisha, na mnyororo upo.

Dokta Julia akapiga simu kituoni: tuleteeni mavi ya Reginald. Yakapakiwa kwenye basi, jana nikayapokea stendi ya Masasi.

Konda akaniuliza, "We Mujibu, gunia hili lina nini, mbona linanuka?"

Nikamwambia, "Babu wa mtu."

"Amekufa lini?"

"Hajafa. Ametanguliza salamu."

Nikalibeba kwenye bodaboda mpaka hapa, na waliopishana na mimi njiani wanajua.

Alfajiri ya leo tumeyatandaza ndani ya kasha. Bibo akaja kwa mabibo yake. Akasimama mlangoni. Mkonga ukashuka, ukanusa, ukasimama. Masikio yakafunguka yote. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaingia, mguu kwa mguu, mpaka mwisho wa kasha, akaulaza mkonga sakafuni juu ya yale mavi ya mtu mzima asiyemjua. Mabibo hakuyagusa. Mzee Shamte, nilikuona unafuta macho kwa kanzu. Usiseme ni vumbi, mvua ilinyesha jana.

Mnyororo wako utafutie mwingine wa kumfunga. Hapa hayupo.

Nawashukuru wote kwa kuja. Nina ombi moja la mwisho. Lori likiwashwa litapita kando ya uzio wa wanawake, na dereva amekubali kuzima injini hapo. Mama zangu, vigelegele mviweke akiba kwanza. Tembo wana sauti ya chini mno, sikio letu haliipati, lakini mwili unaipata. Wekeni kiganja kwenye nguzo za uzio, au kifuani kwenu. Tangu kasha lifungwe Bi Mkubwa amesimama pale, na nguzo zinatetemeka.

Mimi mmenisikiliza vya kutosha, ahsanteni sana. Sasa msikilizeni yeye.