Nani Alikuwa Mlangoni

Mtu akitaka kujua jambo lolote lililotokea kati ya Hola na Kipini, na hata yale ambayo hayakutokea, alikwenda kwenye benchi la Madina muuza kahawa pale Garsen, yanaposimama malori. Lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili, na upande mmoja umebonyea kwa sababu ndipo alipokaa Jaafar. Wenyewe waliliita Bunge. Mwaka huo, mwaka mmoja baada ya mafuriko ya Elnino, Bunge lilikuwa limechoka kuzungumzia maji na matope, kwa hiyo Jumapili moja baada ya alasiri lilipata habari ya furaha likaishika kwa mikono miwili. Jana yake wasichana wa shule ya Garsen walikuwa wamewafunga wenzao wa Hola mabao mawili kwa bila, kule kule Hola, katika fainali ya wilaya ya mpira wa magongo. Sasa walikuwa waende Mombasa kwenye mashindano ya mkoa.

Dukicha alifika mapema kuliko desturi yake, na si kahawa iliyomleta. Bungeni aliitwa Spika, kwa kuwa ndiye aliyesema kidogo kuliko wote. Binti yake Hawo alikuwa katika timu hiyo. Kaka mkubwa wa Dukicha, Nuh, alikuwa ameshatuma neno kutoka Bangale kwamba mtoto wa kike wa Kiorma hafukuzi mpira mbele za watu, na kama hayo ndiyo masomo, basi masomo yametosha, msichana arudi nyumbani aolewe. Tena Nuh mwenyewe alikuwa njiani, angeshuka jioni hiyo na lori la mifugo. Dukicha alihitaji neno moja tu la kumwekea kaka yake mbele: kwamba mtoto alicheza, na alicheza vizuri.

Shida ilikuwa namna ya kulipata neno hilo. Wachezaji walikuwa bado Hola, gari la shule limeharibika. Waliokwenda kutazama wakarudi ni wawili tu wa Bunge, Jaafar na Zakaria. Na Dukicha hakuweza kuwauliza, maana mfugaji hahesabu ng'ombe wake mbele za watu, wala hamtaji mwanawe kwa sifa kwa kinywa chake mwenyewe. Jicho la watu halina adabu. Kwa hiyo alikaa, akashika kikombe chake, akangoja jina la Hawo lijitokeze lenyewe.

Jaafar, muuza samaki wa Kipini, waliyemwita Idhaa kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia, ndiye aliyefungua kikao.

— Tasnim, alisema. — Hakuna mwengine. Mtoto wa Kipini yule. Katoka na mpira kati ya uwanja, kawapita wane, wa tano kampisha mwenyewe.

— Bao la kwanza alifunga nani? aliuliza Zakaria.

Zakaria alikuwa mkulima wa Idsowe. Yeye aliitwa Methali, maana methali alizijua zote, ila hakujua pa kuziweka.

— Lois, alikiri Jaafar.

— Lois wa wapi?

— Wa Idsowe. Tumesikia.

— Basi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Alipiga mara moja tu, Zakaria. Hapo haba ziko ngapi?

— Moja. Lakini ilijaa.

Madina alicheka huku akimimina kahawa ya tangawizi. Alikuwa mwanamke mwenye kifua cha kusikiliza wajinga kutwa nzima, na ndiyo maana biashara yake haikufa.

— Na Kadra je? aliuliza. — Nasikia la pili ni lake.

— Kadra ana mbio, alisema Zakaria. — Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Si umesema ana mbio?

— Alianza pole.

Dukicha alikohoa kidogo.

— Na wale wa nyuma? aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

— Nyuma wapi, Spika?

— Nyuma ya hao wa mbele.

— Tazama huyu, alisema Jaafar. — Anauliza kama mtu aliyepotelewa na mtamba na hataki kutaja rangi yake.

Wote walicheka, na Dukicha akacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Kisha alirudi kwenye kikombe chake, na Bunge likarudi kwenye hoja.

— Mimi nitakwambieni siri ya Lois, alisema Zakaria. — Yule amekulia shamba la mpunga. Tangu mdogo kazi yake ni kuamia ndege, awafukuze kwa fimbo. Sasa ndege wa mpunga ni mdogo kuliko mpira ule, halafu anaruka. Mpira wa Hola ulikuwa umekaa chini, tena mweupe. Angekosaje?

— Ndege amepata kumpiga hata mmoja?

— Waulize ndege. Hawaji tena Idsowe.

— Hiyo ni fimbo tu, alisema Jaafar. — Tasnim mambo yake yalianza tumboni. Mamake ana mimba ya miezi tisa, kiboko katoka mtoni usiku kaingia jikoni. Mamake kamchenga kiboko kulia, kamchenga kushoto, katoka na sufuria mkononi. Mtoto kajifunza mle mle.

— Kiboko alikuwa beki?

— Kiboko alikuwa kiboko. Msinikatize.

— Kwa bao la Lois, alisema Zakaria akipandisha sauti, — ubao wa goli ulilia, na mbwa wa Hola wakanyamaza mpaka magharibi.

— Hilo ni kweli, alisema Jaafar, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alikubaliana naye. — Mimi nilikuwa hapo hapo. Sisi tulisimama nyuma ya goli la Hola tangu filimbi ya kwanza. Walipobadilisha pande kipindi cha pili, na sisi tukahama. Kipa wao tulimwimbia mpaka akaomba maji. Ukitaka kushinda ugenini, kaa nyuma ya goli la mwenyeji.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Zakaria.

— Hakupona, Zakaria. Alifungwa mawili.

Dukicha alikuwa akisikiliza kwa masikio yote. Walitaja aliyefunga, aliyekimbia, aliyeanguka, aliyekatika kamba ya kiatu, hata aliyepewa onyo na refa kwa kucheka. Hawo hayumo. Madina, aliyemjua vizuri kuliko wengine, aliweka birika chini akamsaidia.

— Jaafar, na Hawo wa huyu mzee?

Jaafar alikoroga kahawa yake, ingawa haikuwa na sukari.

— Spika, ndugu yangu, alisema, na sauti yake haikuwa tena ya Idhaa. — Mimi nilikuwa nikilikwepa hilo. Hawo sikumwona uwanjani. Nilimtafuta kwa ajili yako, sikumwona. Labda kocha kamweka akiba.

— Usijali, mzee, alisema Zakaria kwa huruma ya kweli. — Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Zakaria, kunywa kahawa, alisema Madina.

Dukicha aliumia. Mchezo wenyewe hakuuelewa na hakuwahi kuutazama, lakini alikumbuka sauti ya mtoto alipomwomba ruhusa, akiwa ameangalia chini, na alikumbuka kwamba alimpa bila kumwuliza mtu. Sasa angemwambia nini kaka yake? Kwamba amemruhusu binti kusafiri mpaka Hola akakae pembeni kushika maji ya wenzake?

Lori la mifugo liliingia wakati huo huo, na Nuh akashuka kabla halijasimama vizuri. Alikuwa mrefu, ndevu amezitia hina, nguo zote vumbi la Bangale. Bunge liliinuka lote. Alisalimiwa kwa mikono miwili, akaulizwa habari za watu, za mifugo, za malisho na za njia, akajibu kwamba zote ni njema, ingawa njia ilikuwa imemvunja mgongo. Madina alimpa kahawa.

— Mtoto yuko wapi? aliuliza.

— Bado Hola, kaka, alijibu Dukicha.

— Alicheza huo mchezo wa fimbo?

Jaafar alijitupa kati kumwokoa Dukicha, akaanza kumweleza mgeni fainali yote upya, na Zakaria akajazia, na kiboko akarudi jikoni, na mbwa wa Hola wakanyamaza mara ya pili. Nuh alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa amewahi kuuona mchezo huo, lakini alikuwa mzee wa kusikiliza kesi za visima, na kesi za visima ni ndefu kuliko fainali.

— Ngoja, alisema. — Kila upande una mlango wake. Mpira ukipita mlangoni, ndio mmefungwa.

— Ndiyo, mzee.

— Nyinyi mliingiza miwili kwao. Hao wa Hola wao walikuwa wamelala?

— Walale? alisema Jaafar. — Walitujia kama siafu. Kipindi cha pili mpira ulikaa kwetu tu.

— Na haukupita.

— Haukupita hata mmoja.

— Kwa nini?

— Upepo, alisema Jaafar. — Ulikuwa wetu.

— Mamake Lois alikesha akiomba, alisema Zakaria.

— Mimi nauliza kitu kidogo, alisema Nuh. — Mlangoni alikuwa nani?

Watu waliokuwa na habari za mimba ya mama Tasnim walitazamana, kisha wakatazama vikombe.

— Kulikuwa na mtu, alisema Jaafar polepole. — Kwa mbali kule. Kipa wa Hola alivaa soksi kama wenzake, lakini yule wetu alikuwa amefungwa vigodoro miguuni, kifuani godoro jingine, kichwani kofia ngumu yenye vyuma imemziba uso. Sisi tulisema, maskini, mtoto huyu amevunjika, wamemweka pale apumzike.

— Mgonjwa, alisema Nuh.

— Tulimhurumia, alisema Zakaria.

— Huyo mgonjwa alisimama vipi?

Jaafar aliinuka kuonyesha. Aliinama, akatanguliza mguu wa kushoto, akalaza mkono chini kana kwamba ameshika fimbo karibu na ardhi. Mpira ukija, alisema, yule mtoto haupigi. Anauwekea mguu tu, unageuka, unakwenda zake pembeni. Unakuja mwingine, anaugeuza upande ule ule.

Nuh aliweka kikombe juu ya benchi.

— Fanya tena.

Jaafar alifanya tena, na safari hii hakuna aliyemcheka.

— Huyo ni Hawo, alisema Nuh.

Dukicha aligeuka kumtazama kaka yake.

— Wewe ulikuwa na ng'ombe malisho ya mbali miaka ile, mtoto yuko kwangu, Nuh alimwambia. — Jioni wakati wa kukamua, mtoto ndiye aliyeshika mlango wa zizi la ndama. Unajua ndama walivyo wakisikia mama zao. Unataka atoke mmoja, wanakuja wote. Walimwangusha kila siku, analia. Mke wangu akaniambia nimwondoe hapo. Mimi nikamwambia mtoto, usimpige ndama, ukimpiga anarudi na hasira. Tanguliza mguu wa kushoto, laza fimbo, mgeuze aende pembeni. Mwisho hakupita hata mmoja bila ruhusa yake. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Alisema hayo kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapakuzi wa lori. Baba hamsifu mwanawe, lakini baba mkubwa hakuwekewa mpaka huo, na Nuh aliutumia uhuru wake wote. Aliyaeleza tena kwa Madina. Aliyaeleza tena kwa dereva aliyekuja kumpa mzigo wake. Dukicha alikaa akiyameza maneno hayo moja moja, na furaha ilimjaa mpaka akaogopa kupumua isije ikamwagika.

— Na lile neno ulilotuma, kaka? aliuliza hatimaye. — La kumrudisha nyumbani?

Nuh alishika ndevu zake.

— Mtu aliyeshika mlango haondolewi katikati ya kukamua, alisema.

Zakaria alitikisa kichwa kwa wivu. Methali hiyo hakuwa nayo. Madina aliinua birika kumwongezea mzee, likatoa matone mawili na machicha ya tangawizi. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa kawaida Bunge huvunjwa hapo, lakini Nuh alikuwa bado ameinama, akiutazama mguu wake wa kushoto, akiusogeza mbele na nyuma katika vumbi.

— Ndama tuliwazuia kwenye udongo mkavu, alisema. — Uwanja wa huko Mombasa ni nyasi au mchanga?

Jaafar alimtazama Zakaria. Zakaria akamtazama Madina.

— Hamjui, alisema Nuh. — Basi lazima mtu wa nyumbani aende akaukanyage kabla mtoto hajasimama hapo. Basi la Mombasa linaondoka siku gani?

Hilo walilijua wote, wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja siku yake. Dukicha peke yake hakujibu. Alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kilemba, akilaumu moshi wa jiko la Madina.